Mgombea Akimtaja King, Analipa Deni au Anakopa Tena?

Januari 7, 2008, siku moja kabla ya kura za mchujo New Hampshire, Hillary Clinton, aliyekuwa akishindana na Barack Obama kutafuta tiketi ya urais ya chama cha Democratic, alihojiwa kwenye televisheni akasema kitu ambacho ukikisoma leo haraka haraka unaweza ukajiuliza kelele zote zile zilitoka wapi. Alisema ndoto ya Dk. Martin Luther King, mhubiri aliyeongoza harakati za haki za weusi, ilianza kutimia pale Rais Lyndon Johnson alipoipitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na kwamba ilibidi apatikane rais ndo jambo likamilike. Basi. Hakumtukana mtu. Na kweli sheria ilisainiwa na Johnson, tarehe 2 Julai 1964, King akiwa amesimama nyuma yake pale Ikulu na mwishoni akapewa moja ya kalamu zilizotumika kusaini.

Lakini ile kauli iliwaka moto. James Clyburn, mbunge mweusi mwenye sauti kubwa kuliko wote South Carolina, akasema wazi kwamba hajafurahishwa. Wafuasi wa Obama wakasema mama huyu anamshusha King anampandisha mzungu mwenye kalamu, wafuasi wa Clinton wakasema maneno yake yamepindishwa makusudi. Wiki mbili na ushee baadaye, Januari 26, South Carolina wakapiga kura, Obama asilimia 55, Clinton 27. Siwezi kusema ni sentensi moja iliyomwangusha, kulikuwa na mengi mengine, ila haikumsaidia hata kidogo.

Tangu hapo swali limebaki linazunguka kila msimu wa uchaguzi wa Marekani: mgombea akipanda jukwaani, anatakiwa awataje wapigania haki za kiraia au la? Wengi wanalijibu chapchap, ndiyo awataje, kumtaja mtu aliyekufunulia njia ni adabu tu. Mimi nami naanzia hapo hapo, ila naona swali lenyewe limefungwa mafundo kadhaa na ukilijibu kabla ya kuyafungua unaishia kumsifu mtu aliyetaja jina huku akifanya kinyume cha jina alilolitaja.

Tuanze na hilo la Clinton. Tatizo halikuwa kwamba alimsahau King, alimtaja kwa jina! Tatizo lilikuwa kazi aliyompa. Siku zile Obama alikuwa anashambuliwa kwamba ni mtu wa maneno matamu tu, akajibu kwa kumkumbusha kila mtu juu ya Kennedy na King, kwamba hawa nao waliwapa watu matumaini wala hakuna aliyewaambia ni matumaini hewa. Clinton akajibu hilo. Sasa ukiipanga hoja yake vizuri unaona Obama kawekwa upande wa King, yeye Clinton kajiweka upande wa Johnson, halafu King kageuka kuwa msemaji hodari na Johnson ndiye mtendaji. Hapo ndo watu walipochomwa, manake King hakuwa mtu wa spichi, au tuseme spichi ilikuwa sehemu ndogo sana ya kazi yake. Alikuwa mtu wa kupanga migomo, kukusanya hela za dhamana, kulala jela, kuchagua mji gani utaleta presha na sherifu gani atapoteza hasira mbele ya kamera.

Na uhusiano wake na Johnson una utamu wake ambao spichi za kampeni huwa haziutoi. Kuna rekodi ya simu ya Januari 15, 1965, ilikuwa birthday ya King, Johnson ndo katoka kushinda uchaguzi kwa kishindo. Johnson anamwambia King, tafuta sehemu mbaya kuliko zote huko Alabama au Mississippi au Louisiana, mahali mtu mweusi anazuiwa kujiandikisha kupiga kura kwa visa vya ajabu, kisha utangaze redioni, kwenye televisheni, kwenye mimbari, mpaka yule mtu anayeendesha trekta asiyefuatilia siasa aseme hii siyo haki. King naye kwa upole kabisa anamtupia hesabu: Mheshimiwa, yale majimbo matano ya Kusini uliyoshindwa ndo yale ambayo weusi waliojiandikisha hawafiki asilimia 40. Yaani kila mmoja anamwambia mwenzake, mimi nakuhitaji na wewe unanihitaji, na kila mmoja anajua hilo. Ukishaisikia simu ile, ubishi wa nani alifanya kazi, rais au mhubiri, unaonekana wa kitoto.

Ila usiishie hapo pia. Wakati simu inapigwa, King alikuwa tayari ameshaingia Selma, na Selma hakuianzisha yeye. Kule kulikuwa na wenyeji, kina mama Amelia Boynton, waliokuwa wakipigania weusi waandikishwe kupiga kura miaka na miaka, na vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi ya harakati, walishafika tangu 1963. Weusi waliojiandikisha katika kaunti ile walikuwa kama 2 kwa mia. Februari 1965 kijana Jimmie Lee Jackson akapigwa risasi na askari mji wa jirani wa Marion, akafa siku chache baadaye, na hicho kifo ndicho kilichozaa wazo la kuandamana kutoka Selma mpaka Montgomery. Machi 7 wakavuka daraja la Edmund Pettus wakapokewa na virungu na mabomu ya machozi, Boynton akapigwa mpaka akazimia, John Lewis, kiongozi wa SNCC aliyekuja kuwa mbunge, akapasuliwa kichwa. King siku ile hakuwepo darajani. Machi 15 Johnson akasimama mbele ya Bunge kudai sheria ya haki ya kupiga kura, na spichi ile, ambayo wengi wanaiona bora kuliko zote alizowahi kutoa, haimtaji King kwa jina. Haimtaji mtu yeyote wa harakati kwa jina. Alichosema ni kwamba shujaa halisi wa mapambano haya ni Mmarekani mweusi mwenyewe, ambaye kwa vitendo na maandamano yake na ujasiri wa kuhatarisha maisha ameiamsha dhamiri ya taifa. Na kabla ya hapo, kwenye spichi ileile, alikuwa ametamka kauli ya harakati wenyewe, kwamba tutashinda. Sheria ikasainiwa Agosti 6 mwaka uleule.

Sasa niambie, hapo Johnson aliwapa wapigania haki sifa yao au hakuwapa? Jina hakuna hata moja, lakini kazi imetajwa, waliofanya wametajwa, na kuna muswada nyuma ya maneno. Clinton 2008 jina lipo, kazi imepunguzwa. Ndo maana nasema kuhesabu majina kwenye spichi hakukwambii kitu.

Twende kwa Obama, manake huyu kesi yake ni ngumu zaidi na watu wa huku kwetu huwa tunaipita kwa sababu tunampenda. Agosti 28, 2008, Denver, uwanja wa mpira umejaa watu zaidi ya 80,000, anakubali tiketi ya Democratic. Tarehe ile inatimiza miaka 45 kamili tangu maandamano ya Washington ya 1963 na ile spichi ya ndoto ya King. Mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa, siku ileile! Dunia nzima inasubiri aseme jina. Hakusema. Alisema miaka 45 iliyopita leo, Wamarekani walikusanyika mbele ya mnara wa Lincoln wakamsikiliza "mhubiri kijana kutoka Georgia" akieleza ndoto yake. Novemba usiku wa ushindi, Chicago, akarudia mtindo uleule, akamtumia bibi wa miaka 106 wa Atlanta, Ann Nixon Cooper, kupitisha historia nzima, mabasi ya Montgomery, mipira ya maji ya Birmingham, daraja la Selma, na tena "mhubiri kutoka Atlanta". Jina hakuna.

Wasomi weusi kadhaa walikasirika baada ya Denver. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka, kwamba usiku ule kuliko usiku wowote mwingine, ukiona tabu kutamka jina la King, basi una hesabu kichwani na kwenye hesabu hiyo sisi tumekatwa. Waliomtetea walikuwa na majibu mawili. Kwanza, jioni ile ile kabla yake walipanda jukwaani watoto wa King na John Lewis mwenyewe, kwa hiyo King alikuwa ameshatajwa vya kutosha. Pili, kwa namna ya uandishi, "mhubiri kijana kutoka Georgia" inamfanya msikilizaji alijaze jina mwenyewe, na mtu anayejaza jina mwenyewe anashiriki.

Majibu yote mawili ni ya kweli halafu bado hayamalizi. Ukumbuke mwaka ule Obama alikuwa ameshaungua na mhubiri wake mwenyewe, mchungaji Jeremiah Wright, ambaye mahubiri yake makali kuhusu Marekani yalizua kelele, mpaka ikabidi Machi atoe spichi nzima Philadelphia kuhusu rangi, na Mei akatoka kanisani kwake kabisa. Kambi yake ilikuwa inakwepa kwa nguvu zote asionekane mgombea wa weusi. Kwa hiyo mhubiri asiye na jina alikuwa salama, ambaye bibi kizee mzungu wa Ohio angemsikia bila kushtuka na kijana mweusi wa Atlanta angemsikia na kutabasamu. Ni ufundi mkubwa na siulaumu sana, kura zinatafutwa, ila tuuite jina lake, ni hesabu. Kama hesabu hiyo ilimwezesha kuingia Ikulu, kuna watu watakwambia King angeikubali, na kuna watu watakwambia King ndiye aliyekufa kwa kukataa hesabu za namna hiyo, manake alipoisema vibaya vita ya Vietnam Aprili 4, 1967 washauri wake walimwambia nyamaza, Ikulu itakutupa, na kweli ikamtupa. Hata kabla ya hapo, kura ya maoni ya Gallup ya 1966 ilionyesha Wamarekani 63 kwa mia wanamwona vibaya. Huyu King anayetajwa leo na kila chama siyo yule waliyekuwa nae wakati ule.

Kuna mfano wa nyuma zaidi ambao kwangu unaonyesha vizuri kuliko yote jinsi jina linavyoweza kufanya kazi bila spichi. Oktoba 1960, King kakamatwa Atlanta kwenye mgomo wa kukaa ndani ya duka kubwa. Wenzake wanaachiwa, yeye jaji wa kaunti ya jirani anamkamatia kosa la zamani la leseni ya gari, anamhukumu miezi 4 ya kazi ngumu, anahamishwa usiku kwa pingu mpaka gereza la Reidsville. Mkewe Coretta ni mjamzito na anaamini watamuua huko. Nixon, mgombea urais wa Republican, ambaye alikuwa anafahamiana na King kabla, ananyamaza. Kennedy, mgombea wa Democratic, ambaye hakuwa na rekodi yoyote ya maana kwenye haki za kiraia, anashauriwa ampigie simu mama. Anapiga, simu fupi sana, hata dakika mbili hazikufika, anampa pole. Mdogo wake Robert kwanza anafoka kwamba mmetuharibia kura za Kusini, halafu yeye mwenyewe anampigia jaji. King anatoka.

Kennedy hakuitolea spichi simu ile. Alipoulizwa na waandishi alijibu kwa maneno machache akaendelea na safari. Lakini watu wake walichapa kijikaratasi cha bluu, kikasambazwa makanisa ya weusi nchi nzima Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, wakati magazeti ya wazungu hayajui kitu. Baba yake King, ambaye alikuwa upande wa Nixon kwa sababu hakutaka rais Mkatoliki, akatangaza kuhama na kura zote anazoweza kuzikusanya. Kennedy akashinda kwa tofauti ya kura kama laki moja na kidogo kati ya karibu milioni 69. Sasa hapo ni heshima au ni biashara? Ni vyote, na hakuna mtu aliyelala jela Reidsville angekwambia biashara ile haikuwa na faida kwake.

Kimya nacho kina lugha yake, na aliyeijua vizuri ni Reagan. Agosti 3, 1980, amepata tiketi ya Republican, anakwenda kwenye maonyesho ya kaunti ya Neshoba, Mississippi, maili chache kutoka mahali walipouawa vijana watatu wa harakati Juni 1964, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, miili yao ikafukiwa ndani ya tuta la bwawa. Reagan akaongea pale kuhusu haki za majimbo, msemo ambao Kusini nzima ulikuwa umetumika miaka yote kupinga kina King, na wale vijana hakuwagusia hata kwa nusu sentensi. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Mtu huyohuyo mwaka 1983, baada ya kusita sana na hata kutania waandishi kuhusu kama King alikuwa na huruma na wakomunisti, ndiye aliyesaini sheria ya sikukuu ya King. Na miaka hiyohiyo ya 80 akawa anaichukua ile sentensi ya King kuhusu kumpima mtu kwa tabia na siyo rangi ya ngozi, anaitumia redioni kupinga nafasi maalum za ajira na masomo kwa weusi. Kwa hiyo King anayetajwa anaweza kuwa hatari kuliko King aliyenyamaziwa. Mtu akikunyamazia unabaki na maneno yako, akikunukuu kinyume anaondoka nayo.

Na hapa na sisi wa Afrika Mashariki tunaingia, bila kulazimisha. Machi 2007 Obama alikwenda Selma, kanisa la Brown Chapel, siku ambayo Clinton naye alikuwa mtaa uleule kanisa jingine wanagombania wazee wa harakati. Spichi ya Obama ilikuwa ya shukrani tupu, aliwaita wale wazee kizazi cha Musa na yeye na wenzake kizazi cha Yoshua, wanaoingia nchi ambayo wengine wameifanyia safari. Nzuri sana. Ila ndani yake akasema kina Kennedy ndo walioamua kuanzisha ndege za kuwaleta vijana wa Kiafrika kusoma Marekani, na kwa njia hiyo baba yake akapata kufika, na kwamba vuguvugu la Selma ndilo lililowapa wazazi wake ujasiri wa kuoana akazaliwa yeye.

Sasa Obama kazaliwa Agosti 1961, daraja la Selma ni 1965. Alipobanwa akasema alimaanisha harakati kwa ujumla. Haya, tumpe. Lakini la ndege ni zito zaidi. Ndege zile zilikuwa kazi ya Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya. Mwaka 1959 Mboya, kijana wa miaka 28, alizunguka Marekani kuomba nafasi vyuoni na hela za nauli, Aprili akasimama Washington kwenye maandamano ya vijana ya kudai shule za rangi zote, yale yaliyokuwa yakiandaliwa na kina A. Philip Randolph na Bayard Rustin, na Mei King mwenyewe akamwandalia dhifa Atlanta. Waliosaini barua za kuchangisha pesa ni Jackie Robinson wa baseball, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, weusi watatu maarufu sana wakati ule. Septemba 1959 wakaruka wanafunzi 81. Kennedy aliingia Julai 1960, baada ya Mboya kumfuata kwake Hyannis Port, ndipo wakfu wa familia ukatoa dola 100,000 kwa safari ya mwaka ule, ile aliyoondoka nayo Wangari Maathai. Obama mkubwa, yaani baba yake, alikuwa Hawaii tangu 1959, na hata ile ndege ya 81 hakuipanda, alisaidiwa na akina mama wawili wa Kimarekani waliokuwa kwenye mradi wa kufundisha watu wazima kusoma Nairobi. Kampeni ya Obama ilikiri kosa hilo mwaka 2008.

Ona kilichotokea hapo. Mtoto wa rafiki yake Mboya, mbele ya wapigania haki, kwenye spichi ya kutoa shukrani, anaitoa sifa ya Mboya na Belafonte na Robinson anaipeleka kwa familia ya rais. Sidhani alikusudia, hadithi za Kennedy ndivyo zinavyotembea Marekani. Lakini ni kosa lilelile la Clinton kwa mlango wa nyuma, kwamba mwishowe anayeonekana kufanya jambo ni mwenye Ikulu. Na Mboya wetu aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969 hana chama Marekani cha kumpigia kelele.

Kuna fundo lingine dogo, la kunukuu bila kutaja mwenye maneno. Februari 2008 kambi ya Clinton ilimshika Obama kwa kutumia vipande vya spichi ya rafiki yake Deval Patrick, gavana wa Massachusetts, na kipande chenyewe, cha kuchekesha, kilikuwa cha kumnukuu King na kuuliza kama hayo nayo yalikuwa maneno tu! Patrick akasema walishakubaliana. Hili mimi silipi uzito mkubwa kwa sababu wahubiri weusi wamekuwa wakikopeshana maneno vizazi na vizazi, hata mwisho wa spichi ya ndoto, pale uhuru unapolia kutoka mlima huu na mlima ule, unafanana mno na alichosema mchungaji Archibald Carey kwenye mkutano mkuu wa Republican mwaka 1952. Na ile sentensi ya upinde mrefu unaopinda kuelekea haki, ambayo Obama aliifuma kwenye zulia la ofisi yake Ikulu kwa jina la King, mzizi wake ni Theodore Parker, mhubiri mzungu aliyepinga utumwa karne ya 19. Lakini "Yes We Can", kaulimbiu ya kampeni ya Obama, ni hadithi nyingine, kauli ile ilikuwa ya vibarua wa mashambani California, ilitoka kwa Dolores Huerta wa chama chao cha wafanyakazi, kwa Kihispania, mwaka 1972. Kampeni nzima ilisimama juu yake na milioni za watu wakaimba bila kumjua mama. Mwaka 2012 Obama akimvisha nishani ya juu ya kiraia akasema mbele ya watu kwamba alimwibia kauli yake na mama akamsamehe. Miaka minne kuchelewa, lakini kasema nani, kachukua nini.

Kipimo changu basi kiko hapo, na najua hakitampendeza mwandika spichi: jina lisemwe pamoja na kile mtu alichofanya na nani alimpinga. Bila hicho majina yanakuwa kama MC anayesoma orodha ya kamati ya harusi, kila mtu anapigiwa makofi na hakuna anayejua nani alileta mbuzi. Kamala Harris Agosti 2020 alipokubali kuwa mgombea mwenza alisoma majina sita ya wanawake mfululizo, Mary Church Terrell, Mary McLeod Bethune, Fannie Lou Hamer, Diane Nash, Constance Baker Motley na Shirley Chisholm. Nilifurahi, wengi walikuwa hawajawahi kusikika kwenye jukwaa lile. Alisema hawa hatufundishwi sana habari zao lakini tumesimama mabegani mwao. Ila ukweli wa Hamer ndani ya sentensi ile ulipotea, na ukweli wenyewe unahusu chama hichohicho kilichokuwa kinampa Harris kipaza sauti.

Hamer alikuwa kibarua wa pamba Sunflower, Mississippi. Agosti 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, jioni ileile akafukuzwa shamba alilofanya kazi miaka 18. Juni 1963 akapigwa jela ya Winona mpaka akabaki na maradhi maisha yake yote. Agosti 22, 1964 akaja mkutano mkuu wa Democratic huko Atlantic City na wajumbe wa chama walichokiunda, kwa sababu wajumbe rasmi wa Mississippi walikuwa wazungu watupu waliochaguliwa kwa kura ambayo weusi walizuiwa. Akakaa mbele ya kamati akaanza kueleza kipigo cha Winona, televisheni ziko hewani. Johnson, ndiyo, Johnson huyuhuyu aliyetoka kusaini sheria wiki saba zilizopita, akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili kamera zimkimbilie yeye. Zikamkimbilia. Hakuwa na habari yoyote ya maana. Jioni vituo vikarudia ushahidi wa Hamer wote, nchi nzima ikausikia. Chama kikawapa viti viwili vya heshima, Hamer akasema hatukuja safari yote hii kwa ajili ya viti viwili.

Ndo maana jina la Hamer likitajwa kwenye mkutano wa Democratic lina uchungu ndani, au lingekuwa nao kama lingesemwa lote. Mgombea anayelisema lote anakiambia chama chake mwenyewe kitu. Anayelisema nusu anapamba.

Na majina ni rahisi kupamba nayo hata sheria. Mwaka 2006 sheria ya haki ya kupiga kura iliongezewa muda, ikapewa majina ya Fannie Lou Hamer, Rosa Parks na Coretta Scott King, ikapita Seneti kura 98 kwa 0. Hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana anawapinga mama hao. Miaka saba baadaye, Juni 2013, Mahakama Kuu kwa majaji 5 kwa 4 ikafuta kile kipengele kilichoamua majimbo gani lazima yaombe ruhusa kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi, na bila hicho sehemu hiyo ya sheria ikabaki haina meno. Bunge lingeweza kukitengeneza upya. Julai 2020 John Lewis akafa, wanasiasa wa pande zote wakajaza mitandao kwa picha walizopiga nae, wapo waliokuwepo kwenye zile 98. Muswada wa kurudisha meno ukapewa jina lake.

Januari 11, 2022 Biden akaenda Atlanta kuupigia debe, akauliza viongozi wanataka kukumbukwa upande wa Dk. King au George Wallace, gavana mbaguzi wa Alabama, wa John Lewis au Bull Connor, mkuu wa polisi wa Birmingham. Majina kayataja, na maadui wao kawataja. Lakini baadhi ya vikundi vya kupigania kura vya Georgia vilisusia hafla ile, vikasema havitaki spichi nyingine, vinataka mpango wa kuupitisha muswada. Siku nane baadaye muswada ukafika Seneti, zilihitajika kura 60 kuufungia mjadala zikapatikana 49, na jaribio la kubadili kanuni likashindwa 48 kwa 52, maseneta wawili wa chama chake Biden, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, wakipiga kura ya hapana.